Karatasi Aliyoibeba Murdoch

Calderfold, Lancashire
Jumapili, 11 Oktoba 1885

Dada yangu Grizel,

Nakusalimu wewe na Mama. Mimi mzima. Mwenye nyumba wangu, Bi. Entwistle, ananijazia sahani kama vile ameagizwa aninenepeshe, na kitanda hakina kunguni, au kama wapo ni wapole. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Mwambie nimevaa fulana zote mbili za sufi kama nilivyomwahidi, na jasho linanitiririka.

Huku wanaicheka mikono yangu. Nimeisugua kwa sabuni na mchanga, lakini wekundu wa kiwandani hautoki. Kapteni aliniuliza kama kwetu nilikuwa mchinjaji. Nikamwambia ni rangi ya vitambaa, na kwamba kijijini kwetu hata mto hupita mwekundu. Hakuniamini.

Sasa jambo lenyewe. Nimeshacheza mechi tatu na tumeshinda zote. Kazi yangu nyingine ni ya ghalani: asubuhi nafungua mlango, jioni naufunga, na katikati hakuna anayeniuliza niko wapi. Hapa jina langu ni Robert Hill. Usikunje uso, nakuona. Unajua kwetu mchezaji ni wa ridhaa, anacheza kwa heshima ya kijiji chake, na anayekuja England kulipwa chama cha mpira kinamfuta jina. Robert Hill ndiye anayelipwa. Dugald Rankine atarudi nyumbani Februari akiwa safi, na Machi watakapochagua watu kumi na mmoja wa Scotland wa kucheza na England pale Glasgow, nitakuwa mmojawao. Kofia wanayopewa wachezaji wa taifa, ya mechi ya Wales, ninayo. Ya England ndiyo ninayoitaka, Dada, na nikiipata sitaomba kitu kingine maishani.

Wanaojua niko wapi ni wewe na Murdoch peke yenu. Msalimie shemeji yangu huyo. Mwambie ailinde nafasi yangu ya kiungo, lakini asiizoee.

Mdogo wako,
Dugald


Kirkleven
Jumatatu, 19 Oktoba 1885

Mdogo wangu Dugald,

Salamu nyingi. Barua yako ilifika Jumanne, nikaona tarehe yake ni ya Jumapili. Kumbe hata siku ya Bwana umeiacha mpakani, stesheni ya Carlisle. Mama hakuiona hiyo tarehe, niliikunja kwa ndani.

Kifua chake ni kile kile. Anakohoa asubuhi, mchana anatulia, anakaa dirishani na kutaja nani kapita na kavaa nini. Kila Jumamosi anaitoa kofia yako ya Wales kwenye karatasi laini, anaifuta vumbi ambalo halipo, anairudisha. Kijiji kizima kinajua uko Liverpool kwa binamu yake baba, unapakia meli. Uwongo huo nimeusema mimi, tena mara nyingi, na kila nikiusema nasikia haya usoni. Bw. Purdon, katibu wa timu, ameniuliza mara mbili kama binamu huyo ana anwani. Unamjua, hawezi kudanganya hata daktari akimuuliza kama amekunywa dawa. Nikamwambia binamu anahamahama.

Jina la Robert Hill sitaliandika juu ya bahasha. Nimemwandikia Bi. Entwistle, yeye atajua ni yako. Utasema nina kichwa kigumu. Jana kanisani zilisomwa karatasi nne za maombi. Mzee Tosh alizipokea mlangoni kabla ya kupiga kengele, akampa mchungaji, na ya mwisho ilikuwa ya "mtu fulani aliye safarini." Mtu fulani nani? Nilimwambia Mama kwamba maombi bila jina ni barua bila anwani, na aliyeandika kwa jina la uwongo bora angenyamaza kabisa. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Murdoch anacheza nafasi yako na anaicheza vibaya, yeye mwenyewe anasema. Tumepanga ndoa yetu iwe Juni, kiwanda kikifungwa kwa mapumziko. Amesema hatasimama mbele ya mchungaji mpaka wewe uwe pembeni yake.

Rudi Februari kama ulivyosema.

Dada yako,
Grizel


Calderfold
Jumatatu, 7 Desemba 1885

Dada,

Natumaini Mama hajambo na baridi hii. Hapa mvua inaoshea masizi juu ya masizi.

Nakuandikia nikiwa kitandani. Jumamosi beki mmoja aliniingia kwa pembeni mguu wangu ukiwa chini, goti likageuka upande usio wake. Nilisikia mlio wake. Limevimba, na chini yake mguu umekuwa mweusi hadi kwenye muundi. Daktari wa timu anasema wiki sita. Leo amekuja daktari mwingine, mzee, amelishika na kulizungusha, naye amesema yake.

Basi ni wiki sita. Januari mwishoni nitakuwa nimesimama, Februari niko nyumbani, Machi niko Glasgow. Nimemwandikia na Murdoch, ili asije akasikia kwa watu wa treni akadhani nimekufa. Zaidi yenu wawili asijue mtu. Wala Mama. Ikisikika kwamba nimeumia uwanjani Lancashire, nimekwisha.

Dugald


Kirkleven
Ijumaa, 11 Desemba 1885

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, na mfuko wa viazi bado begani.

Umeandika neno "mweusi" kama mtu anayetaja rangi ya kitambaa. Umemsahau Duncan Orr? Alipigwa teke uwanjani hapa hapa, mguu ukawa mweusi hadi muundi, naye alikuwa akitania watu kitandani. Siku ya tisa tulimzika. Mimi ndiye niliyemshonea mama yake nguo ya msiba. Leo ni siku yako ya sita, na barua hii ikikufikia itakuwa ya nane.

Mama ana homa tangu juzi na simwachi peke yake. Sijamwambia chochote, wala jirani sijamwambia. Nakutumia kitambaa cha sufi na ile dawa ya kupaka ya mama yake Murdoch, inanuka lakini inafanya kazi. Paka asubuhi na jioni. Mwambie Bi. Entwistle achemshe kitambaa kabla ya kukufunga. Nitafanya kila ninaloweza kufanya nikiwa huku.

Niandikie neno moja tu nijue uko hai. Hata ukiandika Jumapili nitasoma.

Grizel


Kirkleven
Jumatatu, 4 Januari 1886

Mdogo wangu Dugald,

Heri ya Mwaka Mpya, kama ipo. Nimeshukuru kupata kadi yako kwamba weusi umepungua. Homa ya Mama imeshuka lakini imemwacha mwepesi, namwinua kwa mkono mmoja.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Jumapili ya tarehe 13 kanisani ilisomwa karatasi ya maombi. Mimi nilikuwa nyumbani na Mama, lakini nimeshasimuliwa na watu wasiopungua kumi, na wote wanaisema kwa maneno yale yale: "Kwa Dugald Rankine wa kijiji hiki, aliyeumia goti vibaya akicheza mpira Calderfold katika Lancashire, Bwana amponye." Mchungaji alisoma bila kujua anasoma nini. Yeye na mpira ni kama paka na maji. Aliposema amina, nusu ya waliokaa mbele walikuwa wamegeuka kumtazama Bw. Purdon, na Bw. Purdon alikuwa anatazama kofia yake.

Alikuja hapa Jumatatu. Alikaa kwenye kiti cha baba, akakataa chai. Akasema, "Grizel, ningeisikia barabarani ningejifanya sikusikia. Lakini nimeisikia kanisani, na watu mia tatu waliniona nikisikia." Akaniuliza kama ni kweli. Nilichukua kikombe nikakirudisha kabatini, na hilo lilimtosha. Amekwisha kuwaandikia chama Glasgow.

Watu wanasema Murdoch ndiye aliyeonekana akimkabidhi Tosh karatasi mlangoni. Hilo linasemwa kila mahali na utalisikia tu, kwa hiyo nakuandikia.

Dugald. Najuta sana.

Grizel


Calderfold
Jumatatu, 18 Januari 1886

Dada,

Mpe Mama pole zangu. Kwa leo sina salamu nyingine.

Barua ya chama imefika, imeandikwa kwa heshima sana. Nimefutwa. Miaka miwili nisiguse mpira Scotland, na baada ya hapo niombe ruhusa kwa maandishi, nao watafikiri. Nitakuwa na miaka ishirini na saba. Unajua wanachagua watu wa miaka mingapi.

Niliwaambia watu wawili. Wewe ulikuwa nyumbani na Mama, hukutoka. Yeye alionekana mlangoni na karatasi mkononi. Mbona unaandika "watu wanasema"? Sema tu kwamba mchumba wako ameniuza. Nafasi yangu ya kiungo ameizoea kumbe, nami nilimtania. Na ameniuza kwa ujanja gani, Grizel. Angekwenda kwa Purdon, watu wangemwita msaliti. Akaona anipitishe kanisani, nifukuzwe kwa kuombewa.

Nimemwandikia kurasa nne. Nimemwambia yote, hata ya tangu shuleni. Hajajibu. Mtu asiye na hatia angejibu.

Usiniambie nimsamehe. Ukiolewa naye Juni, mimi sitakuwa pembeni ya mtu.

Dugald


Kirkleven
Ijumaa, 26 Februari 1886

Ndugu yangu,

Telegramu nilikutumia Jumamosi ya tarehe 13, asubuhi ile ile, na karani wa posta aliniapia kwamba imefika. Kwa hiyo unajua. Mama alikwenda taratibu. Alikuwa ameomba chai, nilipogeuka na kikombe alikuwa amekwisha kuondoka.

Tulikungoja mpaka Jumanne. Mchungaji alichelewesha sala kwa nusu saa ili treni ya saa tano ifike. Ilifika, akashuka mama Lennie na kuku wake. Basi wanaume wakambeba, na sisi wanawake tukabaki dirishani kama desturi. Niliwatazama mpaka walipopinda kwenye daraja. Unajua kamba ya kichwani ya kuteremshia jeneza ni ya mwana wa kiume, na baba hayupo, na wewe hukuwepo. Walisimama pale kaburini, kila mtu akimtazama mwenzake. Purdon ndiye aliyemsukuma Murdoch mbele. Kwa hiyo Murdoch ndiye aliyeishika, ndiye aliyemteremsha Mama. Kijiji hakikupenda. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba aliyemzika mwana sasa anamzika mama.

Kwa nini hukuja, Dugald? Sikulaumu. Nauliza tu. Wiki sita zilikwisha tangu Januari na hujaniambia kitu kuhusu goti.

Kofia yako nilimwekea Mama mikononi siku ile, kisha nikaitoa. Sikuwa na uhakika kama ungetaka.

Kuna habari nyingine, na heri uisikie kwangu. Murdoch amechaguliwa. Mechi ya England, nafasi ya kiungo. Barua ilikuja wiki hii. Hakufurahi, aliiweka mezani kwangu akaketi. Na kuhusu ile karatasi ya maombi, kuna jambo ninalotakiwa kukuandikia. Nimeanza mara tatu na karatasi zimekwenda motoni. Nipe muda nimlilie Mama kwanza.

Grizel


Calderfold
Jumatatu, 8 Machi 1886

Dada,

Nimesoma. Mama amepumzika, na mimi nina la kujibu kwake siku nitakayokutana naye. Kwa nini sikuja, sina maelezo ya kuandika.

Usichome karatasi zako kwa ajili ya kumtetea. Ameshika nafasi yangu, ameshika kamba yangu, na mwisho wa mwezi atavaa jezi yangu na kupewa kofia yangu. Sijui kimebaki nini ambacho hajakishika.

Nisipoandika kwa muda, usiniulize.

D.


Kirkleven
Jumatatu, 29 Machi 1886

Dugald,

Nyumba ni kimya na mimi ni mzima wa mwili. Nimesita kukuandikia, lakini sasa nitaandika yote mpaka mwisho, na safari hii hakuna karatasi itakayokwenda motoni.

Mechi ya England imechezwa bila Murdoch. Siku nane kabla, chama kilipata barua isiyo na sahihi. Ilisema kwamba Mwaka Mpya wa 1883 Murdoch Baxter alicheza mechi moja Lancashire kwa jina la kuazima na akapewa saa ya mfukoni. Walimwita Glasgow, wakamuuliza kama ni kweli. Angeweza kukana. Hapakuwa na ushahidi, na mwandishi hakujitaja. Akaitoa saa mfukoni akaiweka mezani. Wamemfuta kama walivyokufuta wewe. Hapa kijijini wavulana wanaimba nyuma yake akitoka kiwandani. Msaliti aliyesalitiwa, ndivyo wanavyomwita, na wanaona ni kichekesho kizuri.

Safari ile walikwenda watu wawili. Sikuulizi kitu.

Sasa langu. Karatasi ya maombi niliiandika mimi.

Nilikuwa nimekaa na Mama na homa yake, nahesabu siku zako kwa vidole kama zile za Duncan Orr. Nilitaka kanisa zima likuombee, watu mia tatu kwa mara moja, kabla ya siku ya tisa kupita. Nilianza kuandika "kijana mmoja aliyeumia." Nikaona nimemficha Mungu jina. Nikajiambia, atamponya kijana gani, na wako wangapi? Robert Hill nilishindwa hata kumwandikia bahasha, nitamtajaje kanisani? Basi niliandika jina lako lote, na jeraha, na mahali, ili pasiwe na kosa. Ndiyo akili yangu, Dugald. Nilidhani nazungumza na Mungu peke yake. Sikukumbuka kwamba inasomwa kwa sauti. Jumapili zote nilizokaa pale nikisikiliza karatasi za watu, na ya kwangu sikuikumbuka.

Niliikunja mara nne nikampa Murdoch apite nayo kwa Tosh, kwa kuwa mimi sikuweza kutoka. Hakuifungua. Aliisikia akiwa amekaa, kama watu wengine, akaja hapa moja kwa moja, amepauka mdomo. Nilimwambia nitakwenda kwa Purdon kusema ni mimi. Akasema, "Itasaidia nini? Amekwisha kujulikana. Mimi watanisema mwezi mmoja na watachoka. Wewe ni dada yake, ndiwe pekee utakayebaki wa kumwandikia. Usimpokonye na dada." Nikamkubalia. Barua yako ya kurasa nne ilipofika aliisoma mbele yangu, akaikunja, akasema una mwandiko mzuri siku hizi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema Januari. Nilikuwa nayo Februari, Mama akiwa kaburini. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kupoteza barua zako. Sasa nimeandika.

Grizel


Calderfold
Jumatatu, 31 Mei 1886

Dada yangu,

Miezi miwili nimeitembeza barua yako mfukoni. Bi. Entwistle anadhani ni ya mwanamke.

Unakumbuka nilikuandikia Desemba kwamba alikuja daktari wa pili, mzee, naye akasema yake? Sikukwambia alichosema. Alisema goti limekatika ndani na halitakunjika tena. Alisema niombe nitembee. Mpira hakuutaja, nilipomuuliza alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni. Hiyo ilikuwa tarehe 7 Desemba, siku sita kabla ya karatasi yako kusomwa.

Umeelewa, Grizel? Hukuniharibia kitu. Chama kilimfuta mtu ambaye hakuwa mchezaji tena. Ningekwambia siku ile ile, ungelia, na ile karatasi ingesomwa, na Purdon angeandika, na mimi ningesema wafute wanavyotaka. Lakini niliandika wiki sita. Niliiandika mpaka nikaiamini. Na barua ya chama ilipokuja, nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilipata mtu aliyeninyang'anya. Nilitaka awepo mtu, isiwe goti tu na mvua na beki ambaye hata jina lake silijui.

Kwenye maziko sikuja kwa sababu natembea kwa magongo mawili, na watu wa Kirkleven waliniona mara ya mwisho nikikimbia. Nilikata tiketi. Nilifika stesheni. Nilimwona mtoto akinicheka nikipanda ngazi, nikarudi. Kwa hiyo kamba ya Mama ilishikwa na Murdoch kwa ajili ya ngazi nane.

Na barua ile niliiandika mimi. Unajua, lakini nataka uione kwa mwandiko wangu na jina langu chini yake. Niliiandika asubuhi, baada ya uji. Mwaka Mpya ule tulikwenda pamoja, na mimi ndiye niliyemshawishi. Yeye hakutaka. Saa alipewa kwa sababu mimi nilisema tusirudi mikono mitupu.

Kazi ya ghala wamempa mtu mwingine. Sasa nahesabu marobota, nimekaa. Mikono yangu imetakata kabisa, siku hizi hakuna anayeweza kujua nimetoka wapi.

Mwambie Murdoch. Au usimwambie. Sina haki ya kuchagua.

Dugald Rankine


Kirkleven
Jumatatu, 23 Agosti 1886

Mdogo wangu Dugald,

Nakusalimu. Nimepokea barua yako, na nimekaa nayo kwa sababu nilikuwa na ya kuangalia hapa kwanza.

Murdoch ameondoka. Alipanda meli Greenock tarehe 3 Julai, amekwenda Canada, kwa mjomba wake mwenye shamba mahali ambapo jina lake siwezi kulitamka. Ndoa ya Juni haikuwepo. Hakuivunja kwa hasira. Alikuja akakaa kwenye kiti cha baba, akanyoosha mikono yake myekundu juu ya magoti, akasema kiwandani hawezi kubaki na hapa kijijini hawezi kubaki. Nikasema basi twende wote. Alitazama viganja vyake. Nikamwambia nimepata barua yako na nikataka kumsomea.

Akasema, "Najua mwandiko wa Dugald. Tulikaa dawati moja. Waliponiwekea ile barua mezani Glasgow, sikuhitaji sahihi."

Kumbe alijua tangu Machi. Alijua wewe, alijua mimi, akaendelea kuniletea makaa kila Jumamosi. Nilimuuliza kwa nini basi asitusamehe nikaondoka naye. Akasema ameshasamehe, si hilo. Akasema kila nitakapogeuka na kikombe cha chai atakuona wewe usoni pangu, na amechoka kukuona. Saa walimrudishia Glasgow. Ameiacha hapa. Inatembea vizuri, ndiyo sauti pekee nyumbani.

Kofia yako bado iko kwenye karatasi yake. Jumamosi siitoi. Ukiihitaji nitakutumia, au njoo uichukue. Treni ya saa tano ina ngazi nne tu, nilikwenda kuzihesabu. Lakini sikuhimizi, Dugald. Kama ukija, sijui tutaketi tukitazamana vipi. Nakwambia kweli kwa sababu tumekwisha kuona tukidanganyana inakuwaje.

Jana niliandika karatasi ya maombi, ya kwanza tangu ile. Niliipeleka mwenyewe. Nilimwandika Murdoch Baxter aliye baharini au aliyefika, jina lake lote, nikaandika na kwamba hakuibeba ile karatasi kwa ubaya, kwamba ilikuwa yangu. Mchungaji alisoma mpaka mwisho. Hakuna aliyegeuka. Watu walikuwa wamekwisha kuchoka na habari hiyo, kama alivyosema watachoka. Hata Purdon alikuwa anasinzia.

Chini yake nilikuwa nimeandika mstari mwingine, wa kuwaombea ndugu wawili, na hapo Mzee Tosh alinisimamisha mlangoni kabla ya kengele. Macho yake si mazuri, alidhani nimesahau. Aliniuliza hawa wawili ni akina nani, mbona sijaandika majina.

Nilimwambia isomwe hivyo hivyo.

Dada yako,
Grizel